Kahawa ya Kilimanjaro na swali gumu: kuuza nje kunamtajirisha nani?

Chukua kilo moja ya buni, yaani kahawa iliyokobolewa lakini haijakaangwa. Ndiyo inayouzwa kwenye mnada wa kahawa pale Moshi. Ikikaangwa inapoteza maji na kubaki kama gramu 830. Kikombe kimoja kinahitaji takriban gramu 10. Piga hesabu: kilo moja inatoa vikombe kama 80. Kwa mgahawa unaouza kikombe kwa euro 3, na Ulaya bei hiyo si ya ajabu, vikombe hivyo ni euro 240.

Sasa rudi nyuma hadi mwaka 2001. Mwaka ule wastani wa bei ya dunia, kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Kahawa (ICO), ulikuwa kama senti 46 za Marekani kwa ratili. Hiyo ni dola 1 hivi kwa kilo. Na hapo bado hujatoa usafiri, gharama za kukoboa, makato ya chama na ushuru. Mkulima wa Marangu au Machame aliondoka na nini? Senti kadhaa, na mibuni yenye kiu ya dawa.

Ukiisikia hesabu hii, jibu la haraka ni "tunaibiwa". Ukiingia darasa la uchumi mwaka wa kwanza, unapewa jibu lingine la haraka: "biashara hunufaisha pande zote mbili". Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hakuna hata moja linaloeleza kwa nini kahawa hiyo hiyo iliwahi kusomesha watoto wa Kilimanjaro, na leo kuna watu wanaing'oa wapande nyanya na parachichi. Twende taratibu.

Kwanza, biashara inaongezaje kipato?

Huhitaji kwenda mbali. Familia nyingi za Kichagga zina kihamba juu mlimani, penye migomba, kahawa na miti ya kivuli, halafu zina shamba la tambarare huko chini kwa ajili ya mahindi na maharage. Juu kuna mvua na baridi, chini kuna jua. Ukilazimisha mahindi kwenye kihamba unapata kidogo, na ukilazimisha kahawa kwenye tambarare inakauka. Kila ardhi ikilimwa kinachoifaa, kisha watu wakakutana sokoni kama pale Mwika, jumla ya chakula inakuwa kubwa kuliko kila mtu angejitegemea kwa kila kitu.

Mwaka 1817 Mwingereza David Ricardo aliliongezea wazo hilo kipande kisichotarajiwa. Alionyesha kwamba hata kama nchi moja ni hodari kuliko mwenzake katika kila kitu, bado zote mbili zinafaidika kila moja ikijikita katika kile ambacho udhaifu wake ni mdogo zaidi, au ubora wake ni mkubwa zaidi. Daktari anaweza kuwa anafua nguo haraka kuliko dobi, lakini saa moja ya daktari ina thamani zaidi akiwa na mgonjwa. Wote wawili wanatoka na kitu.

Angalia neno hilo: wote wanatoka na kitu. Ricardo hakusema wanatoka na kiasi sawa. Wala hakuahidi kwamba kile unachojikita nacho leo kitakuwa na thamani ile ile miaka 50 ijayo. Shida inaanzia hapo.

Kahawa ilipolipa kweli

Kahawa ya arabika ilifika kwenye mteremko wa Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakulima Wachagga waliichangamkia kwa kasi iliyowatia hofu walowezi wa Kizungu, waliotaka Waafrika wazuiwe kuilima. Nchi jirani ya Kenya walowezi walifanikiwa kwa miaka mingi. Kilimanjaro, hapana. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, moja ya vyama vikuu vya ushirika vya kwanza Afrika vilivyojengwa na wakulima Waafrika.

Ushirika ulifanya nini hasa? Mkulima mmoja mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi. Wakulima maelfu wakikusanya kahawa pamoja, wakaipanga kwa madaraja na kuuza kwa wingi, bei inabadilika. Sehemu ya pesa ikaenda kwenye madarasa na karo. Mji wa Moshi wenyewe, na viwanda vyake vya kukoboa, majengo ya ushirika na chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, umeshikamana na zao hili.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuuza nje hakujawahi kumsaidia mkulima maskini, mpeleke Kilimanjaro. Kilisaidia, na watu walijua la kufanya na pesa: waliigeuza kuwa elimu na maduka. Tutarudi kwenye jambo hilo, maana ndipo ulipo ufunguo.

Kwa nini bei ya kahawa haifukuzani na bei ya simu

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, aligundua kitu kinachoonekana cha kawaida: kadiri kaya inavyotajirika, sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula inapungua. Mshahara wako ukiongezeka mara mbili, hutakunywa kahawa mara mbili. Utanunua simu nzuri zaidi, utasafiri, utabadilisha fenicha. Sasa fikiria dunia nzima inatajirika. Mahitaji ya simu na safari yanaruka, ya kahawa yanatambaa.

Mwaka 1950 wachumi wawili, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer aliyezaliwa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hoja kwamba kwa muda mrefu bei ya mazao ghafi huelekea kushuka ukiilinganisha na bei ya bidhaa za viwandani. Kwa lugha ya kihamba: miaka inavyokwenda, unahitaji magunia mengi zaidi ya kahawa kununua pikipiki ile ile.

Walikuwa na sababu ya pili, na hii ni kali zaidi. Kiwanda cha nchi tajiri kikigundua njia ya kuzalisha kwa ufanisi, faida kubwa inabaki pale pale, kwenye mishahara ya wafanyakazi wenye vyama imara na kwa wenye kampuni. Lakini mamilioni ya wakulima wa kahawa duniani wakigundua njia ya kuvuna zaidi, soko linajaa, bei inashuka, na faida inakwenda kwa mnywaji. Yaani ubunifu wa mkulima unamfaidisha mtu mwingine.

Je, ni kweli? Wachumi wamebishana kwa miaka mingi, na jibu linategemea zao gani na mwaka gani unaanzia. Kwa kahawa, jaribu mfano huu. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni mingi Brazil, na kufikia 1977 bei ya arabika ikapita dola 3 kwa ratili. Februari 2025 ilipita dola 4, na vyombo vya habari vikatangaza rekodi mpya. Lakini kati ya miaka hiyo miwili bei za vitu kwa ujumla Marekani zimepanda zaidi ya mara tano. Dola 3 za 1977 ni zaidi ya dola 15 za 2025! Kumbe "rekodi" ya 2025, ukiipima kwa vitu inavyoweza kununua, haifikii hata theluthi moja ya ile ya zamani.

Na hapa kuna uchungu wa nyumbani. Bei ya dunia ilipopaa 1976 na 1977, vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa na serikali mwaka 1976. Mkulima alilipwa bei iliyopangwa, huku shilingi ikishikiliwa juu ya thamani yake halisi, jambo lililopunguza alichopata kwa kila dola ya mauzo. Neema ilipita mlangoni bila kuingia ndani kikamilifu. KNCU ilirudishwa mwaka 1984, wakati mambo yalikuwa yameshaharibika. Kwa hiyo si kila senti iliyopotea ilipotelea ng'ambo.

Mwaka 1989, na mgeni kutoka Vietnam

Kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na makubaliano ya kimataifa ya kahawa: nchi zinazolima zilipewa mgawo wa kiasi cha kuuza, na nchi zinazonunua zilikubali. Lengo lilikuwa kuzuia bei isiporomoke. Julai 1989 mfumo wa migawo ulivunjika. Kwa kipimo cha ICO, wastani wa bei ulikuwa kama senti 116 kwa ratili mwaka 1988. Mwaka 1992 ulikuwa senti 53 hivi.

Wakati huo huo Vietnam, iliyoanza mageuzi ya uchumi mwaka 1986, ilikuwa inapanda mibuni ya robusta kwenye nyanda zake za juu kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1990 haikuhesabika sana. Karibu na mwaka 2000 ilikuwa ya pili duniani nyuma ya Brazil. Ndiyo maana mwaka 2001 bei ikafika zile senti 46 tulizoanza nazo.

Tulia kidogo hapa, kwa sababu mfano huu unabeba mada yote. Biashara ile ile, zao lile lile, miaka ile ile: mkulima wa Vietnam anatoka kwenye ufukara, mkulima wa Kilimanjaro anang'oa mibuni. Mwaka 1990 nchi zote mbili zilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Leo pato la Vietnam kwa mtu mmoja linazidi dola 4,000 kwa mwaka, na la Tanzania ni kama dola 1,200.

Je, kahawa ndiyo iliyoitajirisha Vietnam? Hapana, na hilo ndilo la kukumbuka. Kahawa ilikuwa daraja la kwanza la ngazi. Kwanza, wakulima wao wanavuna zaidi ya tani 2 kwa hekta, wakati wengi wa wakulima wadogo wa Kilimanjaro hawafikii nusu tani. (Robusta huzaa kuliko arabika, kwa hiyo ulinganisho si wa haki kabisa, lakini pengo ni kubwa mno kuelezwa na hilo peke yake.) Pili, nchi haikukaa kwenye kahawa. Ilihamia kwenye nguo, viatu, kisha simu na vifaa vya elektroniki, vitu ambavyo watu wakitajirika wanavinunua zaidi. Mzee Engel aliwafanyia kazi badala ya kuwapinga.

Basi tukaange wenyewe?

Kila mjadala wa kahawa Tanzania unafika hapa. Ujerumani haina hata mbuni mmoja shambani, lakini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa nje. Uswisi inauza kahawa nje kwa thamani kubwa kuliko chokoleti au jibini yake. Kwa nini sisi tusikaange?

Wengi wanadhani kizuizi ni ushuru wa forodha. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya haukati ushuru kwenye buni ila unatoza asilimia 7.5 kwenye kahawa iliyokaangwa, na huo ni mtego wa zamani: leta malighafi, acha kiwanda kwenu. Lakini Tanzania, kama nchi ya kipato cha chini kabisa katika orodha ya Umoja wa Mataifa, imesamehewa ushuru huo tangu mwaka 2001. Mlango uko wazi na bado hatupiti. Kwa nini?

Kwa sababu kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha ndani ya wiki chache, wakati buni huvumilia miezi melini. Kwa sababu pakiti nyingi za Ulaya ni mchanganyiko wa kahawa za nchi tatu au nne, na kampuni hubadilisha mchanganyiko bei zikibadilika. Na kwa sababu kilichomo kwenye zile euro 3 si kahawa sana. Ni kodi ya pango, mshahara wa mhudumu, maziwa, umeme, matangazo na jina la kampuni. Mnywaji analipia maisha ya mji wake. Mashine ya kukaangia ukiiweka Moshi, haitakuletea kodi ya pango la Berlin.

Haina maana kwamba tukate tamaa. Kuna njia iliyo karibu zaidi: wanywaji wa nyumbani. Ethiopia inakunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa yake, ndiyo maana soko la dunia likitikisika wao wana pa kushika. Sisi? Mchagga analima kahawa, asubuhi anakunywa chai, jioni mbege. Bukoba kuna kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga wa kuyeyuka tangu miaka ya 1960, kwa hiyo uwezo wa kusindika si ndoto. Wanaokosekana zaidi ni wanywaji.

Utafiti mkubwa unasema nini?

Ukipanga nchi zote kwenye grafu, zinazofanya biashara zaidi ndizo tajiri zaidi. Lakini subiri. Jirani yako mwenye duka kubwa ana gari. Je, gari limemtajirisha, au utajiri umemletea gari? Wachumi wanakutana na fumbo hilo hilo.

Mwaka 1999 Jeffrey Frankel na David Romer walitafuta njia ya kulizunguka. Walitumia jiografia. Nchi iliyo mbali na masoko makubwa hufanya biashara kidogo bila kosa lake, na hakuna nchi iliyochagua mahali pa kukaa kwa kuwa ni tajiri. Kwa hiyo walipima sehemu ya biashara inayotokana na umbali peke yake, kisha wakaangalia kipato. Matokeo: biashara ikiongezeka kwa pointi moja ya asilimia ya pato la taifa, kipato kwa mtu kinapanda kwa angalau nusu asilimia.

Haikupita muda, Francisco Rodríguez na Dani Rodrik wakaja na pingamizi. Jiografia haigusi biashara tu. Nchi zilizo karibu na ikweta zina pia malaria, udongo tofauti, na historia tofauti ya ukoloni. Ukiingiza kwenye hesabu umbali kutoka ikweta, athari ya biashara inafifia. Mjadala haujafungwa mpaka leo.

Mimi nasoma hivi: kufungua mlango hakutoshi, na kuufunga kunaumiza. Kama una shaka na nusu ya pili, waulize wazazi wako kuhusu miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za sukari na sabuni, duka lina mwenye duka tu na rafu tupu. Kama una shaka na nusu ya kwanza, soma tena habari za mwaka 2001.

Mlima wenyewe unauzwa

Kuna bidhaa nyingine ya kuuza nje ambayo hatuiiti hivyo: kupanda mlima. Mtalii kutoka Kanada akilipa ili afike Uhuru, hiyo ni mauzo ya nje kama gunia la kahawa, isipokuwa mnunuzi anakuja mwenyewe. Na ni huduma ambayo watu wakitajirika wanaitaka zaidi. Tena huwezi kuubeba mlima ukaupeleka Hamburg ukasindikwe: muongozaji, mpishi na wapagazi (wagumu, kama wanavyoitwa njiani) lazima wawe hapa.

Ila usishangilie mapema. Sehemu ya pesa hubaki kwa mawakala wa ng'ambo wanaopokea malipo, ujira wa wagumu umekuwa ugomvi wa miaka, na mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, Moshi nzima ilihisi. Soko la nje moja ni hatari ile ile, liwe la kahawa au la watalii.

Kwa hiyo kijana mwenye kihamba afanyeje?

Tuseme una ekari moja ya kihamba na unavuna kilo 100 za kahawa safi. Hizi ni namba za mfano tu. Bei ikiwa dola 1 kwa kilo, una dola 100 kwa mwaka. Ikiwa dola 5, una 500. Bei huipangi wewe. Lakini ukitoa mibuni iliyozeeka na kupanda aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, kama zile zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo, na ukavuna kilo 300 badala ya 100, umejiongezea mara tatu kwa bei yoyote ile, na gharama ya dawa imepungua. Kujiunga na wenzako ili muuze kahawa ya daraja moja kwa pamoja kunaongeza kidogo juu ya hapo. Babu zetu walilijua hilo mwaka 1925.

Lakini kihamba hugawanywa kila kizazi. Ekari moja ya babu ni robo ekari ya mjukuu, na hakuna bei ya kahawa duniani itakayolisha familia kutoka robo ekari. Familia zilizofanikiwa hapa mlimani zililiona hilo mapema: zilitumia kahawa kununua kitu kisichogawanyika, yaani elimu ya watoto. Walifanya kwa ngazi ya kaya kile Vietnam ilichofanya kwa ngazi ya taifa.

Basi mtu akikuuliza kama biashara ya kimataifa inainua nchi maskini, mrudishie maswali matatu. Mnauza kitu ambacho watu hununua zaidi wanapotajirika, au kile kile walichokunywa jana? Bei ikipanda, nani anaipokea kabla haijamfikia mkulima? Na pesa ya msimu mzuri mmeigeuza kuwa nini kabla msimu mbaya haujafika? Kahawa ikiwa na bei nzuri kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2025, swali la tatu ndilo la kulijibu haraka, maana Brazil na Vietnam nao wanapanda.